Aya ya Tisa

Kwenye steshenari yangu hakuna karatasi inayoandikwa upya tangu mwanzo. Mtu asiyefanya kazi hii hajui. Mteja akija kutaka mkataba wa kupangisha chumba, situngi mkataba. Nafungua wa mteja aliyepita, nabadilisha majina, mtaa na tarehe, nachapa. Programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Kigogo ndiyo iliyozaa programu za mazishi za nusu ya Manzese. Zamani, mwenye nyumba mmoja aliyechukia bata alitaka mkataba wake useme kuwa mpangaji haruhusiwi kufuga bata ndani ya uzio. Nikaandika. Miaka mingi baadaye nikagundua kuwa watu waliopanga vyumba vya ghorofani, wasio na uzio wala mahali pa kuweka beseni la maji, wote walikuwa wamesaini kutofuga bata. Hakuna aliyerudi kulalamika. Wao walisaini bila kusoma na mimi nilichapa bila kusoma, kwa hiyo tulikuwa sawa.

Naanza na bata kwa sababu ofisa aliyenihoji baadaye hakunielewa mpaka nilipomweleza habari hiyo.

Duka langu liko hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Basi la mwendokasi likipita, kioo cha kabati kinatetemeka. Nina kompyuta moja, printa mbili, mashine ya fotokopi na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Wateja wangu ni wanaotafuta kazi, wanaooa, wanaozika, na watumishi wa ofisi mbalimbali ambao printa ya kwao imeishiwa wino. Hawa wa mwisho ni wengi kuliko unavyodhani. Nimechapa barua zenye mhuri wa siri za idara ambazo hata zilipo sipajui, nikazipanga, nikazibana, nikasema karibu tena.

Mteja wangu wa muda mrefu kuliko wote alikuwa mwalimu mmoja wa sheria, mama mtu mzima anayeishi Madale. Wazazi wake ni Waarabu wa maduka ya nguo, na alinisimulia kwamba alipokataa kukaa dukani na kwenda kusoma sheria, baba yake alinuna mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kufundisha maofisa wa forodha, polisi na makarani kutoka nchi mbalimbali kuhusu mkataba wa biashara ya silaha. Kabla ya kila semina alikuja na flashi yake ndani ya pochi, nami nikamchapia vitini. Alizisoma kurasa zote pale pale kaunta, amesimama, na hakuna siku aliyokosa cha kuzungushia kalamu. Mara pembe ya ukurasa imepinda, mara namba imeruka. Hakuwahi kunisifu. Nilimpenda kwa hilo, maana wateja wengine husifu ili uwawahishe.

Siku moja nilimuuliza mkataba wenyewe unasema nini, kwa sababu nilikuwa nimeuchapa mara nyingi na sikuwa nimeuelewa.

"Mwanangu, ukienda duka la dawa kununua dawa kali, si unaulizwa cheti cha daktari?"

"Naulizwa."

"Basi na bunduki ni hivyo hivyo. Nchi inayouza lazima iulize nani anazitaka, atazitumia wapi, na kama atampa mwingine. Ikijua zinakwenda kuulia raia, haina ruhusa kuuza. Imeahidi kwa maandishi."

"Na hicho cheti anaandika nani?"

"Nchi inayonunua. Inaitwa hati ya mtumiaji wa mwisho. Karatasi moja tu, mwanangu. Meli nzima ya silaha inaondoka bandarini kwa karatasi moja."

Nilimwambia karatasi moja kwangu ni kazi ya dakika kumi. Akacheka, akasema ndiyo maana yeye hakosi kazi.

Kwa ajili ya wanafunzi wake alitunga hati ya mfano, kwa Kiingereza, ya nchi isiyokuwepo. Ilikuwa na aya nane. Katika aya ya sita nchi hiyo iliahidi kuwa silaha haitaziuza wala kuzigawa kwa mwingine bila idhini ya aliyeiuzia, kwa masharti yaliyoelezwa katika aya ya tisa. Nikamwonyesha kuwa aya ya tisa haipo. Nilifurahi kweli kweli, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemkamata yeye.

"Usiiguse," akasema. "Nimeiweka makusudi. Anayesoma ataiona, asiyesoma ataipitisha. Mie nataka niwajue mapema."

Nikaiacha kama ilivyo, nikaihifadhi kwenye folda yake.

Yule mwanamume alikuja muda mrefu baada ya hapo, mchana, watu wakiwa wachache. Alivaa vizuri, aliongea taratibu, akasema yeye ni wakala wa mizigo. Mkononi alikuwa na hati iliyomwagikiwa chai na kwenye flashi yake kulikuwa na picha ya kichwa cha barua cha wizara ya nchi moja ya Afrika ambayo sitaitaja. Alitaka hati ichapwe upya.

"Sista, mie nataka tu isafishike. Bosi wangu akiiona hivi ananimaliza."

Nilijua ni silaha. Sijidai sikujua. Neno la risasi kwa Kiingereza lilikuwa limeandikwa waziwazi na mimi neno hilo nilikuwa nimelichapa mara nyingi kwenye vitini vya mwalimu. Lakini serikali hununua risasi, na serikali nazo humwagikiwa chai. Sikuona ajabu. Niliona herufi zilizopinda na jedwali lililoharibika, nikaanza kazi. Nikiwa katikati nikaona kosa: kwa tarakimu masanduku yalikuwa mia mbili arobaini, kwa maneno yalikuwa mia mbili na kumi na nne. Mwanamume alikuwa ametoka kwenda kula. Nikampigia simu.

"Duh. Iwe mia mbili arobaini, sista. Umenisaidia sana aisee."

Nikarekebisha. Alipoondoka aliniomba nisifute, labda atarudi. Wote huomba hivyo. Nikaihifadhi.

Alirudi baada ya miezi kadhaa. Safari hii alitaka ile ile, ila kwa jina la nchi nyingine, na alisema hawa wa sasa ni wasumbufu, wanataka iongezwe aya ya kuahidi kwamba mzigo hautapewa mtu mwingine. Hakuwa na maneno yenyewe.

"Wewe si ndiyo mtaalamu? Nitafutie maneno mazuri."

Neno hilo la mtaalamu lilinipendeza. Nikafungua folda ya mwalimu, nikaenda aya ya sita, nikakopi nikapesti. Hati yake ikawa na aya saba. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Kuhusu aya ya tisa sikukumbuka chochote. Kama angekuwa mwenye nyumba anataka mkataba, ningemwachia bata vile vile.

Kisha mwalimu akaacha kuja. Alikuwa amenitumia vitini vya semina kwa wasap, nikavichapa na kuvibana, vikakaa kwenye rafu mpaka vikaanza kushika vumbi. Nilipompigia akasema semina zimesimama, ameambiwa akae nyumbani kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kuumwa. Jumamosi nikafunga duka mapema, nikachukua bodaboda mpaka Madale na kile kifurushi mapajani, nikijiambia nampelekea mali yake.

Nyumba yake iko juu mlimani, sebule ina hewa nzuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniletea chai na vileja. Hakukifungua kifurushi. Akaniambia yaliyomkuta, kwa utulivu, kama anavyofundisha.

Kuna hati imekamatwa. Katika bandari moja ya mbali, ofisa wa forodha aliyewahi kukaa darasani kwake aliisoma, akafika kwenye ile ahadi, akaitafuta aya ya tisa, hakuiona. Akajua hapo hapo maneno yale ni ya nani.

"Mzigo wamezuia?" nikauliza.

"Wamezuia, alhamdulillahi. Lakini sasa wananiuliza mie. Maneno yako, mwalimu, yamefikaje mikononi mwa watu kama hawa? Nami sina jibu."

Alikuwa ameandika orodha ya kila mtu aliyewahi kuishika ile hati ya mfano, wanafunzi wake wote, sitini na kitu. Walikuwa wakiitwa mmoja mmoja kuhojiwa. Wengine wamesimamishwa kazi wakisubiri. Kamati ya uchunguzi ingekaa baada ya wiki mbili, na kama mhusika hangepatikana, jina ambalo lingebaki ni la kwake.

"Sitafundisha tena," akasema. "Hilo moja. La pili, kila niliyemfundisha atatazamwa kama mwizi. Miaka yangu yote, mwanangu, inakwenda na maji."

Nilikuwa na kileja mdomoni, nikakitafuna mpaka kikaisha. Niliogopa, lakini uoga wenyewe ulikuwa mbali, mithili ya redio ya jirani. Nikamuuliza kama kwenye orodha amenitaja na mimi.

Akanitazama bila kuelewa. "Wewe? Nikutaje kwa lipi? Wewe si umechapa tu."

Hapo palikuwa pa kusema. Nilikaa kama robo saa nyingine, nikasifu vileja, nikaaga. Nataka nieleze kwa nini sikusema, na sababu yenyewe hainipendezi. Nilikasirika. Aliwakumbuka watu sitini na kitu, wengine alikaa nao siku tatu tu, na mimi niliyezichapa kurasa zake miaka yote sikumjia akilini hata kama mshukiwa. Njia nzima kutoka Madale nilikuwa nimemkasirikia mtu niliyemharibia maisha.

Jumatatu nikafungua kompyuta. Hati za yule wakala zilikuwepo zote mbili, moja chini ya nyingine. Ya pili, ile iliyokamatwa, haikunisumbua sana. Ukiitazama vizuri, kosa nililolipesti ndilo lililozuia meli. Ningeweza hata kutembea kifua mbele. Iliyonisumbua ni ya kwanza. Hiyo hakuna aliyekuwa ameitaja, si mwalimu, si mtu mwingine yeyote. Hiyo ilikuwa haijulikani. Na nisingeweza kwenda kuonyesha ya pili bila kompyuta yangu kufunguliwa, na ikifunguliwa, ya kwanza ipo.

Nikaibonyeza, nikapeleka mshale kwenye kufuta, nikautoa. Akaingia mteja anataka picha za pasipoti. Nikampiga picha, nikamkatia, nne nne. Kinyozi wa jirani alikuwa amefungulia redio, na kwenye taarifa ya habari nikasikia jina la ile nchi ya hati ya kwanza. Watu wenye silaha walikuwa wameingia sokoni siku ya gulio. Risasi zao zilitoka wapi sijui. Hakuna anayejua, na labda hazihusiani kabisa. Nilisubiri nione kama nitalia. Sikulia. Nikampa mteja bahasha yake, nikamwambia karibu tena.

Siku zikaenda hivyo zaidi ya wiki nzima. Nilikula, nililala vizuri, nilienda ibada ya Jumapili na kuimba nyimbo zote. Dada yangu wa Buguruni alinipigia kuuliza habari ya harusi ya mtoto wa mjomba na tukaongea kuhusu sare nusu saa. Ningependa kusema kuna jambo lilinigusa nikaamka. Hakuna. Alhamisi moja nilimaliza kufagia, nikachomoa nyaya, nikaifunga kompyuta kwa kitenge, nikaita bajaji. Nadhani nilichoka tu kuisikia ikiunguruma.

Ofisa wa uchunguzi aliyenipokea alikuwa kijana mpole, aliniita mama. Nilimweleza, akaniuliza tena, nikamweleza tena. Alichoshindwa kukielewa ni jinsi maneno ya mtu mmoja yanavyoweza kuwa kwenye karatasi ya mtu mwingine bila njama. Ndipo nikamwambia habari ya bata. Akaacha kuandika, akacheka, halafu akajirudi.

"Mkataba wangu wa Ubungo una kitu kama hicho," akasema. "Hairuhusiwi kutwanga baada ya saa mbili usiku. Na kinu sina."

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Aliisoma hati ya pili kwenye skrini, akalinganisha na nakala yake, akatikisa kichwa. Kisha akaegemea kiti, akanifungulia mlango ambao sikuuomba.

"Mama, wewe ulijua kuwa aya ya tisa ni mtego. Mwalimu alikwambia. Inawezekana ulimhisi huyu bwana, ukaiweka makusudi ili akamatwe?"

Alikuwa ameshika kalamu tayari. Nadhani alitaka niseme ndiyo. Hata yeye ingempendeza kuandika hivyo. Na mimi ningetoka pale mtu mwingine kabisa, mama wa Manzese aliyezuia silaha. Nilifikiria dada yangu atakavyolisimulia.

"Hapana," nikasema. "Nilisahau."

"Una uhakika?"

"Ningemhisi ningemfukuza. Sikumhisi. Alinisifu nikafurahi, nikapesti."

Akaandika. Halafu, akiwa ameshaanza kukusanya karatasi zake, akauliza swali ambalo nadhani huliuliza kila mtu: hii ni moja tu, au kuna nyingine?

Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa na wino kwenye kucha. Mwalimu alikuwa ameshapona. Alichohitaji kilikuwa kwenye ile karatasi iliyokwisha kuandikwa, na folda ya mwanamume yule nilikuwa nimeibatiza jina la kawaida ambalo asingelifungua bila kuambiwa. Sikufanya hesabu ya mema na mabaya. Nilichokijua ni kwamba nimeulizwa.

"Kuna nyingine," nikasema. "Ilitangulia."

Nikamfungulia. Aliisoma mara mbili, akatoka, akarudi na mkubwa wake, naye akaisoma amesimama. Wakaniuliza masanduku mia mbili arobaini, ni wewe uliyeandika? Nikawaambia ni mimi, na kwamba mwanzoni maneno na tarakimu vilipishana, nikapiga simu kuuliza. Mkubwa akaniuliza kwa nini nilipiga.

"Kazi yangu haitoki na kosa," nikamjibu. Niliisikia sauti yangu mwenyewe na nikaona aibu.

Walibaki na kompyuta. Niliambiwa nisisafiri, nitaitwa. Naishi hivyo mpaka leo, nikisubiri kuitwa, na dukani nafanya fotokopi na picha tu. Wanafunzi wa mwalimu walirudishwa kazini. Kamati ilikaa, ikamsafisha, ikamwandikia barua ya kumwomba aendelee. Hayo niliyasikia kwa dada mmoja wa ofisi yao aliyekuja kudurufu cheti, kwa sababu mwalimu mwenyewe sikuthubutu kumpigia.

Mwalimu alikuja mwenyewe wiki tatu baadaye, saa sita mchana, na pochi yake. Nilimwamkia nikiwa nimesimama. Hakunikaripia. Akavuta kiti cha plastiki upande wa wateja, akakaa, akapumua, maana kulikuwa na joto na alikuwa ametembea kutoka kituoni. Nilimpa maji. Akanywa nusu.

"Ungeniambia siku ile Madale," akasema.

"Niliogopa, mwalimu. Na nilikasirika."

"Kwa nini ukasirike?"

Nikamwambia: hukunitaja. Akatikisa kichwa taratibu, akasema kweli, hakunitaja, na hilo ni kosa lake. Mwendokasi ikapita. Nilidhani ameshamaliza na ataondoka, nikawa natafuta la kumwambia kuhusu semina mpya.

"Wamenionyesha ile ya kwanza," akasema. "Wametaka niisome kama mtaalamu. Niseme ilipitaje."

"Mzigo ulifika?"

"Ulifika. Ulipita bandari tatu na ukafika." Akaiweka glasi kaunta. "Nimekaa nayo asubuhi nzima, mwanangu. Nimeitafutia kosa mstari kwa mstari, nikaisoma kuanzia chini kwenda juu. Haina. Masanduku yanalingana, tarehe zinalingana, hata pembe zimenyooka. Ingekuja mezani kwangu, hata mie ningeipitisha."

Miaka yote ile hakuwa amewahi kuniambia kuwa ukurasa wangu umekamilika. Mdomo ukaniwahi kabla sijafikiri. Nikamwambia asante.